Robi wa Jukwaani

Robi alisubiri mpaka mama yao akafunga lango na hatua zake zikapotea kuelekea sokoni. Ndipo aliposema.

"Hukuja."

Bathsheba alikuwa ameinama akifunga kamba za viatu vya shule. "Sikuja wapi?"

"Kwa paredi. Yule mdogo wa mchezoni jana alikuja na sweta akamfunika dada yake. Wewe hukuja. Ulikuwa mstari wa tatu, nyuma ya Marion. Ulicheka."

Vidole vya Bathsheba vilikwama kwenye kamba. Miaka minne alikuwa ameishi akiamini kwamba siku ile Robi hakuona kitu. Mtu aliyeziba masikio kwa viganja, akazunguka pale mbele kama pia, angewezaje kujua nani alisimama wapi? Kumbe alijua. Alijua hadi mstari.

Mama yao, Susana, aliuza mitumba pale Suna, na soko zima lilimwita Mama Robi. Robi alikuwa na miaka kumi na saba, Bathsheba kumi na sita. Bathsheba alikuwa kidato cha tatu katika shule ya wasichana ya kutwa, umbali wa kutembea tu kutoka nyumbani. Robi aliacha masomo darasa la saba, na tangu hapo alikuwa akimsaidia mama yao kuchambua nguo. Kitambaa kimoja akikigusa, atakuambia kama kitachuja rangi, na hakosei. Lakini mashine ya kusaga ya jirani ikiwashwa, hujifungia chumbani. Mtu akimkumbatia bila kumwambia kwanza, atapiga mayowe. Kliniki moja ndiyo iliyowapa neno, usonji, miaka miwili iliyopita. Kabla ya hapo majirani walikuwa na maneno yao.

Likizo ya Desemba, Bathsheba aliandika mchezo wa kuigiza akaupa jina la dada yake: *Robi*. Mwalimu Ratemo, aliyesimamia kikundi cha drama, aliusoma usiku mmoja akarudi asubuhi macho mekundu. Na jana, kwenye tamasha la kaunti hapo Migori, mchezo ule ulikuwa umeshika nafasi ya kwanza. Ulifikia kilele pale msichana anapovua nguo mbele ya shule nzima kwa kushindwa kuvumilia kelele na sufu inayomwasha, watu wanaangua kicheko, halafu mdogo wake, aliyeigizwa na Bathsheba mwenyewe, anatoka mbio kwenye mstari na kumfunika kwa sweta yake mwenyewe. Ukumbi ulicheka, kisha ukanyamaza, kisha ukasimama. Robi mwenyewe aliketi nyuma kabisa karibu na mlango, kofia ya kitambaa laini imevutwa hadi shingoni, pamba masikioni. Mama yao hakuwepo. Ilikuwa siku ya soko.

"Ni mchezo, Robi," Bathsheba alisema sasa. "Mchezo si lazima uwe vile ilivyokuwa. Mwandishi hubadilisha."

"Basi kwa nini jina ni langu na mambo si yangu?"

Bathsheba akarudi kufunga kamba za viatu.

"Badilisha jina," Robi alisema, akiangalia ukuta juu ya bega la mdogo wake. "Au badilisha mambo. Moja."

Akarudi kwenye nguo zake.

Ukweli ulikuwa hivi. Jumatatu moja, shule ya msingi, sweta mpya, manyunyu, na mwalimu mkuu akifoka kwenye kipaza sauti kilichokuwa kikilia kama chuma kinachokwaruzwa. Robi alivua sweta, akavua na shati, akabaki na fulana mbele ya watoto karibu mia tano. Kicheko kilianzia darasa la nane kikashuka mstari kwa mstari. Marion, rafiki yake Bathsheba, aligeuka nyuma kumtazama, na Bathsheba akaona kwamba anatazamwa. Basi akacheka. Aliyemfunika Robi ni Roseline, mpishi wa shule, aliyetoka jikoni mikono ina unga akamvisha leso aliyojifunga kiunoni.

Jioni ile mama yao aliuliza: "Nani alimfunika mwanangu?" Robi alikuwa amejikunyata chini ya kitanda, na asingetamka neno kwa siku kumi zilizofuata. Bathsheba alijibu: "Mimi."

Neno moja tu. Mama yao alilibeba neno lile kanisani, akalipeleka sokoni, akalifikisha kwa ndugu zao kule Kehancha. Kila mgeni aliyekanyaga nyumbani alisimuliwa. Robi alipoanza kuongea tena, hakuna aliyemuuliza chochote.

Alipofika shuleni asubuhi ile, baada ya maneno ya Robi, Bathsheba alimfuata Mwalimu Ratemo ofisini.

"Mwalimu, naomba tubadilishe jina la yule msichana."

Ratemo aliweka kikombe chini. "Jina la mchezo ndilo jina lake. Mswada uko kwa waamuzi wa mkoa. Siku tisa zimebaki twende tamasha la mkoa kule Homa Bay. Unataka watuondoe?"

"Na pale kwa sweta? Kama mdogo wake asingeenda?"

"Bathsheba." Alisimama. "Pale ndipo tulipopatia alama. Mwamuzi mmoja alitoa miwani akafuta macho, niliona. Shule hii haijawahi kufika Homa Bay. Ukipagusa pale, umeniua." Kisha akamtazama vizuri, sauti ikapungua ukali. "Kuna kitu nyumbani?"

Mlango ulikuwa umefunguliwa mbele yake, wazi kabisa.

"Hakuna, Mwalimu."

Mambo yalizidi kumkaba siku tatu kabla ya safari. Mama yao aliingia jioni na gunia la nguo kichwani, akalitua, akatangaza kwamba kibanda chake kitafungwa siku ya tamasha, na yeye na Robi wanakwenda Homa Bay.

"Kutakuwa na kelele nyingi sana, mama," Bathsheba alisema haraka. "Robi hatavumilia."

"Nitaketi kwa mlango," Robi alisema.

"Umesikia," mama yao alisema, uso umemng'aa. "Nimeshawaambia wanawake wote sokoni. Nataka nione kwa macho yangu kile mtoto wangu alifanya."

Usiku ule ulipita vibaya. Asubuhi Bathsheba alimvizia dada yake kwenye beseni la kunawia.

"Usimwambie mama. Tafadhali."

Robi alijikausha kidole kimoja kimoja. "Hajaniuliza. Akiuliza, nitasema."

"Huwezi kunyamaza tu?"

"Nimenyamaza tayari," Robi alisema.

* * *

Ukumbi wa Homa Bay ulikuwa juu ya mteremko, na kutoka dirishani ziwa lilionekana limetulia kijivu kama bati. Ndani joto lilikuwa la kuchemsha. Mabasi ya shule yalikuwa yamejipanga hadi nje ya geti. Bathsheba hakutia kitu mdomoni tangu asubuhi. Alikuwa na sweta mkononi na alikuwa ameikunja na kuikunjua mpaka Nyanchoka, aliyeigiza mama wa mchezoni, akamwambia aiache itapata jasho.

Mourine aliketi kwenye benchi nyuma ya pazia, akipumua taratibu. Yeye ndiye Robi wa jukwaani. Mjaluo mrefu, mcheshi, ambaye kwa miezi miwili alikuwa amejifunza kutotazama watu machoni hadi mwalimu wa hesabu akadhani ana kiburi.

"Naogopa hiyo sini, hiyo sehemu ya paredi, kuliko zote," alisema. "Aki nakwambia, kusimama na fulana mbele ya watu wote hao wakicheka, hata kama ni mchezo, inauma. Unajua ninavyofanya? Nahesabu. Nikifika saba, wewe umefika na sweta. Saba naweza. Nane siwezi."

Bathsheba alifungua mdomo. Angeweza kumwambia. Lakini amwambie nini, wakati yeye mwenyewe hajajua atafanya nini? Alijiambia kwamba atakimbia na sweta kama kawaida, halafu nyumbani ataongea na mama, polepole, siku nyingine. Ndivyo alivyojiambia.

"Nitafika," alisema.

Wakaitwa.

Sehemu ya kwanza ilikwenda kama maji. Watu walicheka panapochekwa, wakanyamaza panaponyamazwa. Bathsheba, akiwa jukwaani, alimwona mama yake safu ya nne, amevaa kitambaa chake cha kichwa cha kanisani, mkoba magotini. Karibu na mlango wa nyuma ilionekana kofia ya Robi.

Paredi. Wasichana walijipanga mistari mitatu. Kipaza sauti kikalia. Mourine alianza kutetemeka mabega, akajikuna shingo, akavua sweta, akavua shati. Akabaki na fulana, viganja masikioni, akizunguka. Kikundi kilicheka kama kilivyofundishwa, na ukumbi ukacheka nacho, watu zaidi ya mia nane, kicheko kilichogonga paa la bati na kurudi.

Moja. Mbili.

Bathsheba aliona mama yake akisogea mbele kwenye kiti. Alikuwa anatabasamu tayari. Alikuwa ameshamgusa mwanamke wa kando yake, asiyemjua kabisa, kumwonyesha kwa kidole: yule, yule pale, ni wangu.

Tano. Sita. Saba.

Miguu ya Bathsheba haikuondoka.

Nane. Mourine alizunguka mara nyingine, akapitisha macho kwake, na kwa mara ya kwanza katika mchezo wote yakamtazama moja kwa moja. Tisa. Kumi. Kicheko cha kikundi kilianza kusuasua. Wasichana walikuwa wakiangaliana. Kule ukumbini bado watu walicheka, ila sasa kwa vipande vipande. Nyanchoka, ambaye kwenye sini hii alisimama kama mwanafunzi, alimsukuma kwa kiwiko.

"Enda," alinong'ona. "Enda!"

Bathsheba hakwenda. Basi Nyanchoka, kwa kutaka kuokoa jahazi, akapaza sauti ukumbi mzima usikie: "We! Si huyo ni dada yako?"

Nyanchoka hakuwa na njia ya kujua, lakini hayo ndiyo maneno ya Marion, mstari wa tatu, Jumatatu ile. Hata Robi hakuyajua. Hakuna mtu chini ya jua aliyeyajua ila Marion na yeye.

Bathsheba alicheka. Kicheko kidogo, cha puani. Kisha akasema, "Simjui."

Ukumbi ulinyamaza kana kwamba umezimwa. Mourine aliacha kuzunguka. Alisimama katikati ya jukwaa, mikono imeshuka kutoka masikioni na kujikunja kifuani, na machozi yaliyomtoka hayakuwa ya mchezo. Alisubiri. Kila mtu aliona kwamba anasubiri. Mwishowe aliinama mwenyewe, akaokota shati lake, akalivaa, vifungo vikimshinda, akatoka.

Pembeni mwa jukwaa, Mwalimu Ratemo alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili.

Sini ya mwisho ilikuwa nyumbani. Nyanchoka, mama wa mchezoni, aliingia kama mtu anayetembea juu ya yai. Hakuwa na maneno mengine ila yale aliyokariri. "Asante, mwanangu," alisema, "kwa kumfunika dada yako."

Kwenye mswada, mdogo mtu hujibu kwa tabasamu, na pazia hufungwa.

"Sikumfunika, mama," Bathsheba alisema. Hakumtazama Nyanchoka. Alitazama safu ya nne. "Ni mpishi aliyemfunika. Uliponiuliza nilidanganya. Mimi nilicheka, na nilisema simjui."

Nyanchoka aliketi chini kwenye kigoda. Pazia lilifungwa kwa mikono iliyochanganyikiwa. Makofi yalikuja kwa kuchelewa, hapa kidogo, pale kidogo. Safu ya nne kulikuwa na kitambaa cha kichwa cha kanisani ambacho hakikutikisika hata kidogo.

* * *

"Umefanya nini?" Mwalimu Ratemo alimuuliza nyuma ya ukumbi. Hakufoka, na hilo lilimtisha Bathsheba zaidi. Bathsheba alipomaliza kumweleza, mwalimu aliukunja mswada mkononi. "Nilikuuliza siku ile kama kuna kitu. Nilikuuliza, Bathsheba. Wako kumi na wanne waliojitolea kwa huu mchezo."

Alikuwa na haki.

Mourine alikuwa ameketi kwenye ngazi za jikoni, amejifunika sweta ya mtu mwingine. Bathsheba alipomkaribia aliinua mkono kumzuia.

"Usinisogelee. Nilikwambia nane siwezi. Nilikwambia kwa mdomo wangu."

"Mourine, sikuwa nimeamua..."

"Ungeniambia ningekubali!" Sauti yake ilipasuka. "Ungesema, Mourine, leo siji, kwa sababu hivi na hivi, ningesimama pale hata dakika tano. Ningekusaidia. Lakini umenifanyia mimi vilevile ulivyomfanyia dada yako. Vilevile."

Bathsheba alihisi maneno yale yakimwingia mwilini moja moja. Alikuwa amedhani kwamba ukweli, ukishasemwa, utamsafisha. Hakufikiria kwamba kuna mtu mwingine atakayesimama na fulana ili yeye apate kuusema.

Robi alikuja akizunguka kona, kofia bado kichwani. Alisimama hatua mbili kutoka kwa Mourine, akatazama bega lake.

"Uliigiza vizuri," alisema. "Lakini mimi sikulia pale. Nililia nyumbani."

Mourine alimtazama, akavuta kamasi, na kicheko kikamponyoka katikati ya machozi. "Sawa. Pole. Sikujua."

"Hakukuandikia," Robi alisema. Kisha akamgeukia mdogo wake. "Ulisema hivyo kweli? Simjui?"

"Ndiyo."

"Sikusikia. Nilikuwa nimeziba masikio." Alifikiri. Midomo yake ilisogea bila sauti, kama anayapima maneno. "Hiyo ni mbaya kuliko kucheka."

"Ndiyo. Robi, naomba..."

"Usiniulize leo."

Akaenda zake upande wa ua, akasimama peke yake akitazama ziwa. Bathsheba akamwacha.

Matokeo yalitangazwa kabla jua halijatua. Walikuwa wa saba kati ya tisa. Mwamuzi mkuu, mwanamke mwenye sauti ya upole, aliusifu mswada, kisha akasema waziwazi mbele ya shule zote kwamba mwigizaji hamwachi mwenzake jukwaani. Hakutaja jina. Haikuhitajika.

Mama yao alikuwa ameketi ukutani karibu na geti, mkoba magotini, kana kwamba hakuwa ameinuka tangu safu ya nne. Bathsheba alisimama mbele yake akingoja kupigwa, na angefurahi kama angepigwa.

"Yule Roseline," mama alisema hatimaye. "Mara ngapi nimempita barabarani bila hata salamu?"

"Nisamehe, mama."

"Ulikuwa mtoto. Mtoto hucheka wenzake wakicheka, hata mimi nilicheka vitu." Alifunga zipu ya mkoba, akaifungua, akaifunga. "Sikiliza kinachoniuma. Kila mgeni aliyekuja kwangu nilikusifu. Miaka minne. Na kila nilipokusifu, Robi alikuwa ameketi palepale ananisikiliza."

Bathsheba alipiga magoti kwenye vumbi la geti. Mama hakumwinua. Lakini hakuondoka pia, mpaka Robi alipokuja kusema kwamba ana njaa.

Siku zilizofuata nyumba yao ilikuwa na maneno machache: chumvi, maji, funga mlango. Shuleni, Mourine alihamia dawati la mbele. Bathsheba alimwandikia barua ya kurasa mbili, akaipata siku ya pili ndani ya daftari lake, imefunguliwa, imesomwa, imerudishwa bila jibu. Mwalimu Ratemo alimpokea tena kwenye kikundi, kwa kushona mapazia.

Jumamosi ya tatu, Bathsheba alikuwa kibandani Suna akipanga sketi wakati mwanamke mmoja wa kanisani kwao, Mama Mirumbe, alipokuja kutafuta nguo za mjukuu. Alimpiga Bathsheba begani kwa mapenzi.

"Huyu ndiye mlinzi wa dada yake," alimwambia mwenzake aliyefuatana naye. "Mama Robi, hebu msimulie huyu ile ya paredi."

Bathsheba alisimama na sketi mkononi. Robi, aliyekuwa ameketi juu ya robota la nguo ndani ya kibanda, aliacha kuchambua.

"Hapana," mama yao alisema, bila kupandisha sauti. "Hakuwa yeye. Ni mpishi wa shule, anaitwa Roseline. Mimi ndiye niliyekuwa nikisimulia vibaya."

Mama Mirumbe alimtazama Bathsheba kwa mshangao, akingoja akane. "Ni kweli?"

Watu wa vibanda vya jirani walikuwa wamegeuka. Hapa hapakuwa na pazia la kujificha nyuma yake.

"Ni kweli, mama," Bathsheba alisema. "Nilidanganya."

Mwanamke yule alisitasita, akaguna, akauliza bei ya kaptura ya buluu. Mama yao akamtajia. Walipokwisha ondoka, mama yao alikunja kaptura zilizobaki. Kisha Robi alisogea upande mmoja wa robota, akabakisha nafasi ya mtu.

"Hizi blauzi ni nyingi," alisema. "Zitenge wewe. Pamba huku, zingine kule. Usichanganye."

Bathsheba akaketi, akaanza kutenga.